Aliyerudia sigara asichekwe

Mhariri,

Mtu aliyeacha sigara akionekana ameishika tena, watu husema hana msimamo. Mimi nimeacha mara nne na kurudi mara tatu, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Nikotini ikikatika, mwili hudai. Siku 3 za mwanzo ndizo kali zaidi: hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, mawazo hayatulii. Arosto hiyo hupungua sana baada ya wiki 2 hadi 4. Hapo mtu hujiona amepona, kumbe mazoea bado yamo kichwani. Mimi sikuangushwa na arosto. Niliangushwa na bia mkononi na rafiki aliyeninyooshea pakiti. "Moja tu." Kesho yake nilinunua yangu.

Ushauri nasaha pamoja na plasta au chingamu za nikotini huongeza uwezekano wa kufaulu, lakini wangapi tunaelezwa hivyo na daktari? Mimi niliambiwa "acha", basi.

Nanyi msiovuta, mkituona tumeteleza, tuulizeni tunaanza tena lini. Mahubiri tumeshayasikia.

Msomaji wako,
Mvutaji mstaafu (kwa sasa)