Muulizeni kwanza kama ana mimba

Bwana Mhariri,

Tangu baridi ya mwezi wa sita ilipoingia hapa Lubumbashi, na upepo wa kiangazi ukaanza kuturushia vumbi jekundu, farmasi za mtaani kwetu Katuba zimejaza meza zao vichupa vya vidonge vinavyosemwa kulainisha ngozi kutoka ndani. Sina ugomvi na biashara yote hiyo. Ninalolalamikia ni vidonge vya vitamini A, vinavyouzwa bila mteja kuulizwa swali hata moja.

Mdogo wangu, ambaye miguu yake ilikuwa imepauka na visigino vimepasuka, aliuziwa kichupa ambacho kila kidonge chake kilikuwa na uniti 25,000 (kipimo cha vitamini, huandikwa IU), akaambiwa ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hizo ni uniti 50,000 kwa siku, wakati mtu mzima asiye chini ya uangalizi wa daktari hatakiwi kuvuka uniti 10,000. Baada ya wiki kadhaa midomo yake ilichanika pembeni, ngozi ya viganja ikaanza kubanduka, na kichwa kikawa kinamuuma kila asubuhi. Aliporudi kulalamika, muuzaji alimshauri aongeze cha tatu mchana! Kumbe vitamini A ikizidi huleta ukavu uleule ambao mtu alikuwa akiukimbia, kwa kuwa haitoki na mkojo kama vitamini C, bali hulimbikizana kwenye ini.

Wengi hujibu kwamba hata watoto hupewa. Ni kweli, mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano hupewa uniti 200,000 wakati wa kampeni za kugawa vitamini A, lakini hupewa mara moja, kisha hukaa miezi minne hadi sita. Mdogo wangu alikuwa akifikisha kiasi hicho kila siku nne.

Wanaonitia hofu zaidi ni wajawazito. Vitamini A ya vidonge ikizidi, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, inaweza kumlemaza mtoto tumboni, na wakati huo wengi hawajajua kama wameshika mimba. Mawese na sombe, yaani majani ya muhogo, tunavyokula havina hatari hiyo, maana humo mwili hujitengenezea vitamini A kwa kadiri unavyohitaji.

Kupitia gazeti lenu nawaomba wenye farmasi wamuulize kila mwanamke kama ana mimba au anaitafuta, na wamsomee kipimo kilichoandikwa kwenye kichupa, tena kwa herufi ndogo hata mimi mwenye miwani nilihangaika nazo. Aliyekaushwa ngozi na baridi tu, wamwambie aoge maji ya vuguvugu, kisha ajipake vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu. Najua kopo la vaselini lina faida ndogo kuliko kichupa.

Mdogo wangu aliacha vidonge kwa amri ya daktari, na midomo imepona. Visigino bado, anavisugua kwa jiwe kila jioni.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi