Wengi si wote

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa uhuru wa mtu na matakwa ya umma unapopamba moto, mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau hutajwa kama mtetezi wa wengi kuwameza wachache. Si haki. Katika kitabu chake, Mkataba wa Jamii (1762), alitenganisha utashi wa wote, ambao ni jumla ya matakwa binafsi, na utashi wa umma unaolenga manufaa ya pamoja.

Kwake, hesabu ya kuupata utashi wa umma huharibika raia wanapopiga kura kwa kufuata makundi. Kura hazilingani tena na idadi ya watu bali na idadi ya makundi, na kundi moja likiyazidi mengine yote, kinachoshinda ni maoni yake tu.

Kuhusu idadi ya kura alikuwa wazi: mkataba wa kwanza, ule wa kuunda jamii, huhitaji ridhaa ya kila mmoja. Baada ya hapo, jambo likiwa zito, kura zikaribie kauli moja. Likiwa la haraka, hata ziada ya kura moja yatosha. Ibara ya 98 ya Katiba ya Tanzania inakaribiana na fikra hiyo: baadhi ya mambo ya Muungano hayabadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, kila upande peke yake.

Aliposhindwa ni pale alipoandika kwamba mamlaka kuu ya umma haihitaji kuwapa raia dhamana yoyote. Hapo simfuati kabisa. Haki zilizoandikwa, na mahakama huru ya kuzilinda, lazima ziwepo kabla kura ya kwanza haijapigwa.

Msomaji, Dodoma