Kujihami katika Pokémon si woga

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee wachezaji wa Pokémon (mchezo wa video ambamo viumbe hupigana kwa zamu) wanaoshinda kwa kujihami, ambao wapinzani wao huwaita waoga. Sumu ya mbinu iitwayo Toxic hula sehemu 1 kati ya 16 za uhai wa mpinzani katika zamu ya kwanza, 2 katika ya pili, 3 katika ya tatu, na kuendelea. Hivyo anayejikinga na kujiponya huku akiisubiri ifanye kazi anapiga hesabu, hapotezi muda. Nakiri kwamba pambano la zamu 100 huchosha (hata mimi husinzia). Lakini watengenezaji walikwisha kuupunguza makali mtindo huu mwaka 2022, waliposhusha kikomo cha kutumia Recover, mbinu ya kujiponya inayorudisha nusu ya uhai, kutoka mara 16 hadi 8. Anayeshindwa kuuvunja ukuta uliobaki na abadili kikosi chake.

Msomaji wenu,
Mombasa