Lebo za sampuli nazo zijadiliwe

Ndugu Mhariri,

Kila mnapochapisha habari za mto uliochafuliwa, wasomaji hubishana kuhusu viwango vya risasi au zebaki vilivyotajwa. Mimi ni mtunza sampuli katika maabara ya maji na udongo, na naomba mjadala huo ufike hadi kwenye lebo ya chupa.

Napokea chupa zilizoandikwa "Mto 3, asubuhi". Mto upi, asubuhi ya siku gani? Nyingine zimeandikwa kwenye kifuniko tu, na vifuniko vikishafunguliwa na kuwekwa mezani, nani ataapa kipi ni cha chupa ipi? Tarehe 03/04 mmoja huisoma Aprili, mwingine Machi. Andikeni mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Wadudu wa majini ndio hunisikitisha zaidi. Huhifadhiwa kwenye ethanoli, na ethanoli ikichuruzika nje ya chupa huondoka na wino wa kalamu nyingi. Penseli haiondoki. Andika kwa penseli kwenye karatasi isiyoharibiwa na maji, itumbukize ndani ya chupa pamoja na wadudu wenyewe.

Lebo iseme pia kilichofanyika baada ya kuchota. Maji ya kupimwa metali hutiwa asidi ya nitriki hadi pH, yaani kipimo cha uasidi, ishuke chini ya 2. Asiyejua hilo akiyapima nitrati, anapima asidi iliyotiwa na wenzake, kisha mto unasingiziwa!

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kimetunza udongo na mazao ya majaribio yake tangu 1843, na sampuli zimepita 300,000. Kwa kuwa kumbukumbu za shamba na mwaka zipo, watafiti waliweza kuurudia udongo wa karne ya 19 na kupima kadmiamu, metali yenye sumu, kitu ambacho waliouchimba hawakukiwazia. Siku hizi upo pia mfumo wa kimataifa wa IGSN, unaoipa sampuli namba yake peke yake. Namba hiyo ikitajwa kwenye ripoti, mtafiti mwingine anajua aulizie sampuli ipi, na kwa nani.

Bajeti za utafiti zinazopita mikononi mwangu zina fungu la magari na vipimo. La lebo, rafu na friza silioni. Wafadhili waliweke. Na waandishi wenu wakikabidhiwa ripoti ya uchafuzi, wamuulize mtafiti namba za sampuli zake na mahali zilizobaki zinapohifadhiwa.

Mtunza sampuli