Yah: Wanasesere 24 Walioisha kwa Wateja Saba

Kimara, Dar es Salaam
15 Septemba 2025

Meneja wa Tawi,
Duka la Midoli na Zawadi (jina nimeliondoa katika nakala hii ya wazi),
Mikocheni, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UUZAJI WA WANASESERE WA TOLEO MAALUMU, JUMAMOSI TAREHE 6 SEPTEMBA 2025

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi cherehani, mteja wenu tangu 2019, na sijawahi kuwaandikia barua ya kulalamika. Nilitaka kuiandika hii jioni ileile ya Jumamosi, lakini barua ya hasira huwa na maneno ambayo mtu hushindwa kuyatetea kesho yake. Nimengoja siku tisa. Hasira imepungua, hoja iko palepale.

Tangazo lenu, lililobandikwa kwenye kioo cha mbele na kutumwa kwenye simu zetu, lilisema vipande 24 tu, bei shilingi 185,000, halafu kwa herufi kubwa kuliko bei yenyewe: "MTEJA MMOJA, MDOLI MMOJA". Ninalo bado kwenye simu. Kwa kuliamini tangazo hilo niliahirisha kumpima bibi harusi gauni lake, nikapanda mwendokasi ya alfajiri kutoka Kimara hadi Morocco, nikamalizia na bajaji, nikawa mlangoni kwenu saa 12:40 asubuhi. Mlinzi alikuwa ameshaanza karatasi ya majina. Mimi nikawa namba 11. Nikatulia kabisa, nikanunua chai ya rangi na vitumbua kwa mama wa jirani, maana namba 11 kwenye mzigo wa 24 haina wasiwasi.

Mlifungua saa 3:00. Saa 3:25 msichana wa kaunta alitoka akasema vimeisha. Waliokuwa wamehudumiwa ni watu saba.

Hesabu niliifanya palepale barazani, kwa kuangalia kila anayetoka na alichobeba. Namba 1, 2 na 3, mmoja mmoja. Namba 4, kijana aliyekuja na mfuko wa salfeti, tisa. Namba 5 na 6, mmoja mmoja. Namba 7, mama aliyeingia na dada wa kazi, dereva na binti yake, ambao jina la hata mmoja wao halikuwa kwenye karatasi, wanne. Hao ni 18. Sita waliobaki, kwa maneno ya msichana wenu mwenyewe, "viliwekwa pembeni tangu jana". Karatasi ilikuwa na majina 31. Mngefuata mlichokiandika, watu 24 wangeondoka na boksi na saba wangeondoka bila kitu, na hao saba wasingekuwa na la kumlaumu mtu. Badala yake saba wamepata na 24 tumekosa. Hata kama mngekusudia kuligeuza tangazo lenu kichwa chini, msingelipatia hivyo.

Kijana wa salfeti nilimfuata hadi kwenye pikipiki yake. Alinipa shikamoo, nikaitikia, tukazungumza vizuri. "Mama, mimi winga tu," akaniambia, yaani mtu wa kati anayenunua na kuuza kwa faida. "Wenyewe walinipigia jana wakasema niwahi." Akaongeza kwamba kama nataka mmoja angeniachia kwa laki tatu na nusu, kwa kuwa mimi ni kama mama yake. Yaani cha juu ni 165,000, hatua ishirini kutoka kaunta yenu, na pikipiki haijawashwa. Ilipofika saa 10 jioni niliwaona haohao kwenye status ya mtu kwa 450,000. Kwenye kona ya boksi moja karatasi yenu ya bei ilikuwa imekwanguliwa nusunusu. 185 bado inasomeka. Picha nimeiambatisha.

Naomba nieleweke. Kijana huyo simshtaki. Winga hula pale alipofunguliwa mlango, na nusu ya Kariakoo inaishi hivyo bila kumwibia mtu. Angezunguka mwenyewe akagundua bidhaa ambayo hatuijui, akaileta na kuweka cha juu chake, ningemlipa na ahsante juu. Lakini hapa hakugundua kitu. Alipewa nafasi yangu, na ya namba 8, 9 na 10, akatuuzia.

Namba 10 ni mzee mstaafu wa reli ambaye anakusanya wanasesere wake mwenyewe, si wa mjukuu, na hajifichi kwa hilo. Yeye ndiye aliyelitamka neno ambalo nilikuwa sijalisikia siku nyingi: ulanguzi. Vijana wenu wa kaunta huenda hawalijui. Wazazi wao wanalijua. Mwaka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilipitishwa sheria ya uhujumu uchumi, na walioficha sukari, sabuni na khanga ili wauze kwa bei ya kuruka wakasakwa nchi nzima. Wapo waliotupa mali usiku. Mzee alitusimulia jinsi enzi hizo mtu alivyoacha jiwe kwenye foleni limshikie nafasi akaenda kazini, na akirudi jiwe anakuta lipo, hakuna aliyelisogeza. "Leo nimekuja na mwili wangu mzima," akasema, "na umesogezwa."

Najua mwanasesere si sukari. Hakuna aliyelala njaa kwa kumkosa, na msako ule wa 1983 uliwaumiza hata wasiohusika. Siombi mtu asakwe. Nalitumia neno la mzee kwa sababu ndilo jina la kitendo chenyewe: kuchukua vingi ili vipungue kwa wengine, halafu kuwauzia wengine upungufu uliouumba wewe.

Nilipoomba kukuona siku ile uliniambia mambo mawili. La kwanza, "Ni midoli tu, mama." Bibi yangu wa Kisarawe alipokuwa mwali alipewa mwana hiti, mwanasesere wa jadi wa mti, amtunze muda wote aliokuwa ndani, amvalishe shanga, ampake mafuta kama mtoto. Wazaramo wenye mji huu hawakuwa na dharau hiyo uliyonayo wewe, na wewe ndiye unayeishi kwa kuviuza. Mimi nawakusanya kwa sababu ya kazi yangu. Mwanasesere aliyevalishwa na mbunifu wa kweli ni darasa la ushonaji linaloenea kiganjani: unaona mkunjo ulivyofichwa na pindo lilivyolazwa kwenye kitambaa kisichofika upana wa leso. Mbunifu wa Marekani, Byron Lars, aliwatengenezea Mattel, wenye kiwanda cha Barbie, mfululizo wa Barbie weusi ulioitwa Treasures of Africa, na majina akayatoa kwenye lugha yetu: Moja mwaka 2001, Mbili 2002, Tatu 2003, Nne 2004, Tano 2005. Tatu ninaye, nilimpata kwa mtu wa mitumba, kiatu kimoja hakipo. Mmarekani yule alihesabu kwa Kiswahili hadi tano bila kukosea. Duka la Mikocheni limeshindwa kuhesabu hadi moja.

La pili ulilosema ndilo lenye uzito: kwamba duka haliwezi kumpangia mteja anunue vingapi, pesa ni yake. Hili nimeliwaza sana, kwa sababu na mimi mikono yangu si myeupe. Mwaka 2022 nilinunua kwenu wanasesere wawili wa aina moja, mmoja wa kumfungua na kufumua nguo yake nijifunze, mwingine wa kubaki kwenye boksi. Risiti ninazo. Halafu nikamtuma binti ya dada yangu akaninunulia wa tatu kwa jina lake, ambaye baadaye nilibadilishana na mkusanyaji mwenzangu wa Mombasa. Wakati ule hapakuwa na foleni wala kikomo, na walikaa rafuni kwenu hadi mkawapunguzia bei. Lakini kama ningeambiwa ni 24 tu na kila mtu mmoja, je, nisingemtuma binti yule? Nadhani ningemtuma. Hilo linanisumbua kuliko salfeti la winga.

Nilikofika ni hapa. Kununua wawili au watano si dhambi vikiwa vingi. Muuzaji akishasema ni vichache, na akishasema kila mtu mmoja, hapo wa pili kwangu ni wa kwanza wa mwenzangu, awe nimemficha kabatini au nimempandisha bei. Na mtu peke yake anayejua wamebaki wangapi, nani yuko nje na nani amerudi mara ya pili na kofia nyingine, ni ninyi. Mteja akijipendelea ni udhaifu wake. Duka likimsaidia kujipendelea, baada ya kutukusanya alfajiri kwa ahadi, limetudanganya.

Tena hamkuwa na haja ya kujifanya wageni wa jambo hili. Viwanda vyenyewe vinaweka kikomo kwa makusudi. Mattel walipopanga madaraja ya Barbie wa wakusanyaji mwaka 2004, walisema wa Gold Label hawazidi 25,000 duniani kote na wa Platinum hawafiki 1,000. Uchache ndiyo bidhaa inayouzwa, kwa hiyo anayeugawa ana wajibu. Mei mwaka huu Pop Mart, wauzaji wa midoli, walisimamisha kuuza midoli yao ya Labubu katika maduka yao yote ya Uingereza kwa sababu wateja walikuwa wanagombana milangoni. Waliona ni heri wakose mauzo kwanza wapange utaratibu. Ninyi hapakupigana mtu. Tulisimama kwa adabu, tukaandikishana, tukashikiana nafasi wakati wa kwenda msalani. Adabu yetu ndiyo iliyowarahisishia.

Na yeyote anayeficha tisa akidhani ameweka akiba, mwambieni habari za Barbie wa sikukuu wa 1988, mwenye gauni jekundu. Aliisha upesi huko Marekani, bei ikapanda, watu wakaona njia ya utajiri. Miaka iliyofuata wakawanunua waliofuata na kuwapanga makabatini bila kuwafungua, kiwanda nacho kikaongeza idadi, na leo wengi wa wale wa miaka ya 1990 huuzwa chini ya bei waliyonunuliwa, na boksi zao hazijaguswa. Lakini hilo ni lake. Sisi hatukuja kuweka akiba.

Jumapili nilitumiwa ujumbe: "Mpendwa mteja, samahani kwa usumbufu uliojitokeza." Usumbufu haukujitokeza, Ndugu Meneja. Ulipigiwa simu siku moja kabla.

Ninachoomba kwanza ni maelezo ya maandishi ya wale 24 walivyouzwa, mmoja mmoja, wakiwemo sita wa pembeni. Majina ya wanunuzi siyataki. Nataka idadi kwa kila risiti, na kwa kuwa kila mauzo hutolewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kazi hiyo haizidi nusu saa. Kama tisa walitoka kwa risiti tisa tofauti za mtu mmoja, hilo nalo litaonekana.

Pili, mmetangaza mzigo mwingine Desemba. Kabla ya siku hiyo bandikeni utaratibu ambao hata mlinzi anaweza kuusimamia. Majina yaandikwe na namba ya simu, na malipo ya simu ya Lipa Namba yatoke kwenye namba hiyohiyo. Ikiwezekana pigeni kura badala ya foleni, maana foleni ya alfajiri inampendelea anayeishi Mikocheni dhidi ya anayetoka Mbagala. Namba ya risiti iandikwe kwa wino juu ya boksi mbele ya mteja. Anayetaka kumpenda mwanasesere wake wino haumwumizi; anayetaka boksi safi la kuuza jioni ataona hailipi. Wafanyakazi wenu wakitaka, waingie kwenye kura kama sisi. Namba 7 akija tena na watu wake watatu na wote wakataka kweli, wapate wanne, ila wajiandikishe wote.

Tatu, watu waliokuwa kwenye karatasi wakakosa wapewe nafasi ya kwanza Desemba. Karatasi anayo mlinzi wenu, na mimi nina picha yake.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo nitaipeleka pamoja na picha ya tangazo kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na sidhani kama kuna namna ya kusoma "mteja mmoja, mdoli mmoja" ikatoa tisa.

Upande wangu, yule wa 2022 aliyebaki kwenye boksi nimempelekea mzee wa namba 10 kwa bei iliyoko kwenye risiti, bila cha juu. Alitaka kuongeza elfu kumi ya nauli, nikakataa, tukagombana kidogo, akaniagizia soda. Nakala ya risiti hiyo ni kiambatisho cha tatu.

Wasalaam,

Mteja namba 11,
Fundi cherehani, Kimara

Viambatisho: picha ya tangazo, picha ya boksi lililokwanguliwa bei, nakala ya risiti ya 2022.