Usiishushe hiyo 86, Baba Aisha

Walukuba, Jinja
Jumapili jioni

Mpendwa Baba Aisha,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, ila mvua haikatiki wiki ya pili sasa na nguo hazikauki.

Ujumbe wako nimeupata pamoja na zile picha. Gari ni zuri kweli. Nilimwonyesha Mama Salma, akauliza watoto watakaa wapi, nikamwambia viti vya nyuma vipo, ni miguu tu ya kukunja. Tangu utoto wetu, tukikaa kando ya barabara kuhesabu magari yanayotoka Malaba, ulikuwa unasema siku moja utaendesha la milango miwili. Namshukuru Mungu limekufikia, tena Toyota 86 yenyewe.

Sasa swali lako. Unasema fundi wa huko mjini amekushauri utoe springi na shokapu za kiwandani, uweke koilova (seti ya springi na shokapu ambayo urefu wake unarekebishwa), gari lishuke inchi mbili "ili lishike barabara". Ushauri wangu ni usifanye hivyo. Nitakueleza kwa urefu, maana pesa unayotaka kumpa ni ada ya Aisha ya muhula mzima.

Unaikumbuka Impreza yangu ya bluu? Niliishusha mimi. Gereji moja ya Kampala iliniwekea springi fupi na ngumu, shokapu zikabaki zilezile. Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Gari lilikaa chini kama simba anayenyemelea, ukigusa usukani linageuka papo hapo. Halafu jioni moja nikawa natoka Kampala. Nilishapita wauza kuku wa Namawojjolo, nikaingia msitu wa Mabira, manyunyu yanadondoka, mwendo kama sabini. Kwenye kona ya kulia palikuwa na kiraka cha lami kilichotuna kidogo, kitu ambacho gari lolote la abiria linapita bila mtu kuamka usingizini. Nilisikia "ko!" moja nzito chini ya kiti, na nyuma ya gari ikaruka pembeni hatua nzima, mbele yangu kuna lori la miwa. Mungu alinisaidia, tairi lilishika tena kabla hatujakutana. Nilisimama mbele kidogo, mikono inatetemeka, nikakaa pale mpaka manyunyu yakakoma.

Kesho yake niliifungua mwenyewe hapa nyumbani. Shokapu ya nyuma kulia ilikuwa na ile raba inayokaa kwenye fimbo kuzuia chuma kisigonge chuma. Nilipoishika ilimomonyoka mkononi kama mandazi makavu. Fimbo yenyewe ilikuwa imepakaa tope jeusi, mafuta yamechanganyika na vumbi la murram, na sili imechanika. Ndipo nikaelewa. Kwa kushusha gari nilikuwa nimekula ile nafasi ambayo gurudumu hupandia likikuta kigongo. Nafasi ilipokwisha katikati ya kona, springi haikuwa na kazi tena, gari lilikuwa limekaa juu ya chuma kitupu, na tairi likaachana na barabara.

Hilo ndilo fundi wako hakukwambia. Kinachoshika barabara ni tairi, na tairi linashika likiwa limegusa chini. Kazi ya springi na shokapu ni kulifuatisha gurudumu na barabara ilivyo, ipande, ishuke, iwe na shimo. Gari likiegemea kwenye kona unaogopa, unadhani linapinduka, lakini kuegemea na kuteleza ni vitu viwili tofauti. Waingereza wa kampuni ya magari ya Lotus walilijua hilo zamani. Elan yao ya 1962 ilikuwa na springi laini na shokapu zilizopangwa vizuri, na hadi leo watu wanaisifia kona zake. Na ukiongeza ugumu wa springi mara mbili, gari litadunda haraka zaidi kama mara 1.4, na shokapu iliyopangwa kwa springi ya kwanza haiwezi tena kulituliza.

Kuna jambo jingine, na hapa nakuomba usome polepole. Mbele 86 ina mfumo wa MacPherson: shokapu yenyewe ndiyo nguzo inayosimamisha gurudumu, na chini kuna mkono mmoja unaolishikilia. Ukishusha bodi inchi mbili, ule mkono unabaki umepanda kuelekea gurudumu. Kuanzia hapo, kadiri gari linavyozama kwenye kona, mkono unavuta sehemu ya chini ya gurudumu kuja ndani, na tairi linaanza kukanyaga kwa ukingo wake wa nje. Tena bodi inapata nguvu zaidi ya kuegemea kuliko mwanzo, kwa hiyo unalazimika kuweka springi ngumu zaidi ili tu urudi pale ulipokuwa. Tai-rodi nazo, zile fimbo zinazogeuza magurudumu, zinapoteza pembe yake, ukipita shimo usukani unajivuta wenyewe. Watu wa Toyota na Subaru walikaa na gari hilo miaka wakapanga vitu hivyo vyote pamoja. Injini yake imelala chini makusudi ili uzito ukae chini, kwa hiyo tayari linaegemea kidogo kuliko mengi.

Halafu pima barabara zako. Kutoka tumbo la 86 hadi lami ni milimita 130. Inchi mbili ni milimita 50. Utabaki na 80, karibu upana wa simu yako tu. Toka hapo nyumbani kwako Kira, murram na matuta yale ambayo kila mtaa unajijengea kwa kipimo chake, utafikaje barabara kubwa bila kuacha bampa? Najua lami inayokudanganya ni ile ya kulipia ya kwenda Entebbe. Ni laini kama meza, juu yake gari lililoshushwa linajisikia la mbio kweli. Lakini hiyo unaipita mara ngapi kwa mwezi?

Angalia pia magari ya rali, maana ndiyo tuliyokua tukiyashangilia. Charles Muhangi alipochukua ubingwa wa Afrika 1999 tulikesha tukiyazungumza. Yale magari kwenye murram yanainuliwa, yanapewa shokapu ndefu zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka.

Basi pesa uipeleke wapi? Kwenye matairi, kwanza. Picha yako ya tatu nimeikuza kwenye simu, kwenye ukuta wa tairi la mbele kushoto nimeona tarakimu nne, 2215. Hiyo ni wiki ya 22 ya mwaka 2015. Raba ya umri huo imeshakuwa ngumu kama soli, hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado zinaonekana nzima, na kwenye lami yenye maji haina msaada. Tafuta manne mapya ya jina linaloaminika, saizi ileile ya kiwandani, 215/45 R17. Usiende kwenye mapana zaidi. Waliipa 215 makusudi ili gari licheze na kugeuka bila kulazimisha mwendo mkubwa. Siku utakayoyaweka utadhani umebadilishiwa gari.

Baada ya matairi, bushi, zile raba za kwenye maungio ya mikono ya gurudumu. Gari limekaa Japani miaka, likavuka bahari, likakaa bondi, kwenye yadi ya magari, juani. Linyanyue, chukua mtalimbo, sukuma kila mkono wa chini. Raba iliyopasuka utaiona, ina nyufa kama magaga ya kisigino, na ukisukuma chuma kinatembea. Bushi zikichoka gari linayumba, na watu wengi wanaosema gari lao ni laini mno wanachosikia ni bushi zilizokufa. Kwenye soko la spea la Kisekka, Kampala, utapata za kila aina, ila za feki ni nyingi, nenda na mtu anayezijua. Ukimaliza ndipo upige alaimenti, magurudumu yanyooshwe, wewe mwenyewe ukiwa umekaa kwenye kiti, tangi liwe na mafuta nusu.

Shokapu utaangalia mwisho. Kama moja inavuja, badilisha mbili za ekseli ileile. Na kama bado moyo unataka kitu kizuri kuliko cha kiwandani, sikatai kabisa: nunua shokapu bora tu, springi na urefu uache vilevile. Bilstein wanazo aina za B6, zimetengenezwa kwa springi za urefu wa kiwandani. Za B8 ni fupi, za magari yaliyoshushwa, usichanganye. Hizo zitalikaza gari kidogo bila kula nafasi ya gurudumu. Koilova ningekubaliana nazo kama ungekuwa na uwanja wa mbio wa kwenda kila mwezi, na hata hapo ningekwambia ununue za bei inayouma. Zile za bei rahisi sili zake hazivumilii vumbi letu.

Najua ndoto yako ni Kabale kwenda Kisoro, kupanda mlima wa Kanaba mpaka uone volkano ya Muhabura mbele yako. Nami naitaka safari hiyo. Kona zile ni nyingi, nyingine zinajikunja juu yake zenyewe, na huko juu ukungu unaweza kushuka mchana kweupe. Ningependa tuzipite na gari linalokaa chini wakati barabara inaruka.

Kwa hiyo fundi mwambie asubiri. Jumamosi njoo huku na gari lilivyo, pita Mabira polepole, uje na funguo yako ya rimu. Jeki na mtalimbo ninavyo, na Mama Salma anasema sangara atakuwepo. Tutalala chini yake mimi na wewe tuangalie bushi moja moja kabla hujatoa shilingi.

Wako,
Baba Salma