Futa hiyo ratiba ya PCB: barua kwa shoga yangu anayeanza chuo Marekani

Minneapolis, Agosti

Shoga yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu Minnesota. Mimi ni mzima, kazi na shule vinaendelea. Natumai nanyi mmeanza kuizoea Ohio, na kwamba mama amepata duka la kununua unga wa ugali karibu na nyumbani.

Ama baada ya salamu, ratiba uliyonitumia ya muhula wa kwanza wa safari yako ya udaktari nimeipata na nimeisoma kwa makini. Kemia krediti 4 (krediti ndiyo kipimo cha uzito wa somo huku), baiolojia 4, fizikia 4, hesabu 3, Kiingereza 3. Jumla 18. Nilipoitazama mara ya pili nikaitambua: ni PCB yetu ya fizikia, kemia na baiolojia, na BAM ile ya hesabu, na Kiingereza kimekaa mahali pa GS, lile somo la maarifa ya jumla. Umejipangia Form Five upya. Nakuelewa kabisa. Ratiba ile tuliiweza, wewe ukaiweza kuliko darasa zima, na hakuna aliyewahi kutuuliza kama tunaitaka. Lakini nakuomba uifute kabla muhula haujaanza.

Nyumbani tulisoma tukiulenga mtihani mmoja. Hata ukiteleza kwenye mtihani wa terminal, hata mock ikikuangusha, ulijua Mei ipo, na matokeo ya NECTA, mtihani wa taifa wa Form Six, ndiyo yatakayokupeleka chuo. Ndiyo maana tuliweza kubeba kila kitu kwa mpigo, kisha tukakesha miezi ya mwisho na tukatoka salama. Huku hakuna Mei. Jaribio dogo la wiki ya pili linahesabiwa. Kazi ya nyumbani ya kila wiki inahesabiwa, ripoti ya maabara inahesabiwa, na mitihani ya katikati ya muhula ina uzito mkubwa. Kufikia Novemba alama yako karibu imeshaandikika, na kukesha hakuwezi kuibadilisha sana.

Na alama ikishaandikika haifutiki. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Siku ya kuomba chuo cha udaktari, ambacho huku kinafuata baada ya shahada ya kwanza, maombi ya vyuo vingi yanapita katika mfumo mmoja unaoitwa AMCAS, na wao wanakokotoa upya GPA yako, yaani wastani wa alama ambapo A ni 4 na C ni 2, kutoka kila chuo ulichowahi kusoma. Wanatoa wastani wa jumla, na wanatoa wastani mwingine wa baiolojia, kemia, fizikia na hesabu peke yake. Tuseme umepata C kwenye kemia ya kwanza, ukairudia ukapata A. Chuo chako huenda kikakufutia ile C. AMCAS hawaifuti. Wanazihesabu zote mbili, na kwenye somo hilo unabaki na 3.0. Wanaopokelewa kwenye vyuo vya MD, shahada ya udaktari, wana wastani wa karibu 3.8. Kwa hiyo muhula wa kwanza, ule ambao bado unatafuta jengo la maabara na masikio hayajazoea lafudhi ya profesa, una uzito uleule wa muhula wa mwisho.

Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na binti mmoja tuliyekaa naye bweni moja, mwenye akili kuliko wengi wetu. Alichukua sayansi tatu za maabara pamoja na hesabu, kama ulivyopanga wewe. Hakuwa mvivu hata siku moja. Taa yake ilikuwa ya mwisho kuzimwa. Muhula ulipokwisha alikuwa na C mbili, na kufikia mwaka wa pili alikuwa ameshaacha kutaja udaktari. Mpaka leo naamini angekuwa daktari mzuri, na naamini kilichomwondoa ni ratiba.

Sasa tuhesabu. Usihesabu krediti, hesabu saa. Wiki ina saa 168. Somo la sayansi la krediti 4 kwa kawaida lina mihadhara ya saa tatu na maabara ya saa tatu, kwa hiyo sayansi zako tatu zinakula saa 18 kwa wiki ukiwa umekaa darasani tu. Weka hesabu na Kiingereza, zinakuwa 24. Nje ya darasa, sayansi inataka kama saa tatu kwa kila krediti na masomo mengine kama saa mbili: 36 na 12, yaani 48. Tumeshafika 72. Umeniambia unataka kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee Jumamosi na Jumapili, saa 20. Tumefika 92. Ukilala saa nane, ambazo unazihitaji, ni saa 56 nyingine. Jumla 148. Zinabaki 20, chini ya saa tatu kwa siku, na ndani yake kuna basi, kupika, kuoga, kufua, kumpeleka mama kliniki na kuwapigia simu waliobaki nyumbani. Ukipata mafua ya wiki moja, mpango wote unaanguka.

Badala yake fanya hivi. Chukua kemia krediti 4, hesabu 3, Kiingereza 3, saikolojia 3, na ile semina ya wanafunzi wapya ya krediti 2 ambayo vyuo vingi wanayo. Jumla 15. Rudia hesabu yetu na utaona unabaki na saa 41 badala ya 20, huku kazi ya wikendi na usingizi viko palepale. Nimeichagua 15 kwa makusudi. Mwanafunzi wa muda wote anatakiwa awe na krediti zisizopungua 12, na ruzuku unayopata kama mwenye green card inakwenda kwa hesabu hiyo. Ukiwa na 15, somo moja la krediti 3 likikushinda unaweza kuliacha na bado ukabaki na 12. Ukiwa na 13 huna nafasi hiyo. Shahada nyingi zinataka krediti 120, na 15 kwa mihula minane ni 120 kamili, kwa hiyo huchelewi hata kidogo.

Najua utasema hayo mengine ni masomo mepesi. Ngoja nikueleze kuhusu MCAT, ule mtihani wa kuingilia. Ukijumlisha na mapumziko ni siku ya saa saba na nusu, una sehemu nne, na alama zinaanzia 472 hadi 528. Sehemu moja nzima kati ya hizo nne ni saikolojia na sosholojia. Nyingine ni kusoma tu: maswali 53 kwa dakika 90, juu ya vifungu vya falsafa, sanaa, historia na maisha ya jamii, na hakuna fomula hata moja ya kukusaidia. Sisi tuliosoma sayansi tangu Form Three hatukuandika insha nyingi, na Kiingereza chetu ni cha kitabu cha baiolojia. Sehemu ile haisomewi kwa miezi mitatu, inajengwa kwa miaka. Kwa hiyo somo la Kiingereza usilihesabu kama GS. Chagua lenye kusoma sana na kuandika sana, na ulichukue mapema.

Fizikia ipeleke mwaka wa tatu. Hakuna kinachoisubiri. Kemia ndiyo yenye foleni: kemia ya jumla ya mwaka mmoja, kisha kemia oganiki ya mwaka mmoja, kisha baiokemia, na kila moja inafungulia inayofuata. Ukianza kemia sasa hivi, umeshaanza kwa wakati. Baiolojia unaweza kuianza Januari kama chuo chako kinaifundisha muhula huo, au ukaisoma mwaka wa pili. Kanuni yangu ni sayansi moja ya maabara muhula wa kwanza, na baada ya hapo zisizidi mbili kwa muhula, mpaka umalize.

Oganiki nizungumzie kidogo, maana kwenye karatasi itakudanganya. Maabara yake mara nyingi imeandikwa krediti 1. Moja tu! Unaingia saa saba mchana umevaa miwani ya kinga na koti, na umeshafanya jaribio la maswali kabla ya kuingia. Unafunga vyombo vya kutenganisha vimiminika kwa mvuke, unawasha joto, kisha unasimama. Tone. Unangoja. Tone jingine. Ukiongeza moto ili uwahi, vitu viwili unavyotaka kuvitenganisha vinapanda pamoja na kazi yote inaharibika. Wenzako wa sosholojia wameshakula na kulala, wewe bado unatazama kipimajoto na kuandika kila nyuzi kwenye daftari. Saa kumi jioni unaosha glasi, na ripoti bado hujaiandika. Naipenda maabara ile, nakuambia ukweli, ndiko nilikojifunza utulivu. Lakini muhula wa oganiki usiweke kitu kingine kizito zaidi ya kimoja, na zamu za kazini uzipunguze.

Kuhusu kazi ya kulea wazee, ishike. Usiione kama pesa ya matumizi tu. Vyuo vya udaktari vinataka kuona umekaa na wagonjwa, na wewe utakuwa umewaogesha, umewalisha na umewasikiliza usiku. Kwa hiyo usiongeze kujitolea hospitali mwaka huu kwa sababu tu wenzako wanafanya. Tayari unayo.

Kitu kingine ambacho krediti 18 zitakunyima ni walimu. Utahitaji barua za mapendekezo, na vyuo vingi vinataka mbili kutoka kwa maprofesa wa sayansi na moja kutoka nje ya sayansi. Profesa mwenye wanafunzi 300 hawezi kukuandikia kitu cha maana kama hakujui. Kila profesa ana saa za ofisini ambazo mlango uko wazi kwa yeyote. Sisi tumelelewa kutomsumbua mwalimu, unaingia ofisini ukiitwa, na ukiitwa moyo unadunda. Huku kuingia bila kuitwa ndiyo heshima. Nenda na swali moja wiki ya kwanza, hata dogo. Saa hiyo iweke kwenye ratiba kama unavyoweka darasa.

Kama ulifikiria kutumia cheti cha Form Six ili wakuvushe kemia au baiolojia, acha. Chuo chako kinaweza kukupa krediti, lakini vyuo vingi vya udaktari vinataka sayansi hizo uwe umezisoma hapa Marekani au Kanada. Soma tena. PCB yako haipotei. Ndiyo itakayokupa A wakati wengine wanakutana na mole, kile kipimo cha kemia, kwa mara ya kwanza.

Halafu kuna suala la miaka, ambalo najua ndilo lililokufanya ujaze krediti 18. Kila mtu nyumbani anauliza kwa nini wa chuo cha Muhimbili, Dar es Salaam, anasoma MD miaka mitano na wewe umeambiwa minne ya chuo, kisha minne ya udaktari, kisha si chini ya mitatu ya mafunzo hospitalini. Mama anahesabu, na ana haki ya kuhesabu, amebeba mengi. Lakini ukimaliza chuo kwa miaka mitatu kwa wastani wa 3.2, hukuokoa mwaka. Umeununua kwa bei ya nafasi yenyewe. Maombi yanatumwa Juni, na darasa linaanza Julai au Agosti ya mwaka unaofuata, kwa hiyo hata anayekwenda moja kwa moja anaomba mwishoni mwa mwaka wa tatu akiwa ameshafanya MCAT. Wengi siku hizi wanafanya mtihani mwaka wa nne na kupumzika mwaka mmoja wakiwa kazini. Mimi nimechagua hivyo, na nimeueleza ukoo wote kwa simu, shangazi mmoja baada ya mwingine. Ukitaka nizungumze na mama mwenyewe, niambie, nitafanya hivyo kwa moyo mkunjufu.

Mambo ya kufanya wiki hii. Mwone mshauri wa masomo, na umuulize kama chuo kina mshauri wa wanaoelekea udaktari, kwani wa kawaida mara nyingi hajui foleni ya kemia ilivyo. Premed si shahada, ni orodha ya masomo tu, hivyo unaweza kusoma shahada yoyote. Hilo utaliamua mwakani. Fanya jaribio la hesabu la kupangiwa darasa ukiwa umelala vizuri. Uliza tarehe mbili na uziandike ukutani: ya mwisho kubadilisha masomo bila alama yoyote, ambayo huwa ndani ya wiki moja au mbili za mwanzo, na ya mwisho kuacha somo kwa W, alama ya kujiondoa. W moja haiingii kwenye GPA na haimkatai mtu. F inaweza kumkwamisha.

Nitumie ratiba mpya kabla ya Jumapili. Andika kila kitu humo, pamoja na basi linachukua dakika ngapi kutoka kazini hadi chuoni, maana hilo hukuniambia na linaweza kutubadilishia maabara ya Jumatatu asubuhi. Nitakupigia saa tatu usiku nikitoka zamu, tuipitie pamoja mstari kwa mstari.

Mfikishie mama shikamoo yangu.

Wako akupendaye,
Shoga yako